Muulize Nesi: Pampu nampa, mbona usiku bado anabanwa?

*Shikamoo Bibi Nesi. Nina watoto wawili, tumepanga chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba sita. Mkubwa ana miaka saba na ana pumu. Hospitali walinipa pampu mbili, ya bluu na ya kahawia, lakini usiku bado anabanwa. Wiki iliyopita mara tatu, kila mara kwenye saa nane hivi. Alfajiri nakaanga maandazi ya kuuza. Mbu ni wengi, kwa hiyo kila usiku nachoma dawa, ile ya duara. Wifi yangu anasema nimfukuze paka, na ya kahawia niiache kwa sababu mtoto ataizoea. Baba yake ameona mtandaoni mashine ya kusafisha hewa, laki nne na nusu, anataka tukope tuinunue. Unasemaje? – Mama Wawili, Tandika*

Marahaba mwanangu. Msikope.

Nianze na la wifi, maana hilo ndilo la hatari. Pampu ya kahawia haizoeleki. Kazi yake ni kutuliza uvimbe ulio ndani ya mirija ya hewa, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi, haionekani siku hiyo hiyo, ndiyo maana watu huidharau. Ya bluu inafungua kifua mbele ya macho yako, basi ndiyo inayosifiwa. Ukiiacha ya kahawia utajikuta unapuliza ya bluu mara nne, mara tano kwa siku, na siku moja haitatosha. Mpe kama ulivyoandikiwa, asubuhi na jioni, akimaliza asukutue mdomo na kutema. Wifi akija na wazo la nyungu, mkatalie pia. Wodini nimewapokea watoto walioungua mapaja kwa sufuria ya nyungu, na huo mvuke wenye harufu kali huweza kumbana zaidi mwenye pumu.

Paka asilale chumbani, inatosha kwa sasa. Wako watoto wanaodhurika na paka na wako wasiodhurika kabisa. Ukimfukuza leo hutajua jibu wiki ijayo, kwa sababu vile vinavyomtoka paka hubaki kwenye godoro na mapazia kwa miezi. Halafu panya watakushukuru.

Sasa tuje kwenye hewa yenyewe. Nitakuambia kosa langu kwanza, ili usidhani nakusema wewe.

Mwanangu wa tatu alikuwa na pumu. Mimi wakati huo nilikuwa nesi wa wodi ya watoto Tanga, nafundisha akina mama wa watu namna ya kuishi na pumu, halafu kila Alhamisi jioni narudi nyumbani naweka makaa kwenye chetezo, nafukiza udi nguo za mume wangu za Ijumaa. Chumba kimefungwa, ili harufu ishike vizuri. Mtoto yumo humo humo anachezea vifuniko vya chupa. Usiku anabanwa. Tulikuwa na msemo kabisa pale nyumbani: "Ijumaa ndiyo siku yake." Miaka minne! Aliyetufumbua macho ni mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto mbona anaugua chetezo?" Niliona aibu, sikujibu kitu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni lile lile la mama mkwe. Usiku huu, kuanzia magharibi hadi kunakucha, hesabu vyote vinavyowaka karibu na mwanao. Katika barua yako peke yake nimeona viwili, dawa ya mbu na jiko la maandazi. Nyumba ya vyumba sita naijua, nimeishi humo: masika ikinyesha, majiko yote ya uani yanahamia koridoni. Hicho cha tatu. Umeme ukikatika kuna mshumaa au koroboi. Na kama kuna mpangaji anayevuta sigara kizingitini, moshi wake unaingia kwako hata kama mlango umeufunga.

Ningeanza na dawa ya mbu, kwa sababu hiyo unaiwasha wewe mwenyewe na unaweza kuiacha leo. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya dawa za namna hiyo zilizokuwa zikiuzwa China na Malaysia. Duara moja likiungua hadi mwisho lilitoa chembechembe za moshi, zile ndogo kabisa, sawa na sigara 75 hadi 137. Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja una unene wa zaidi ya mara 20 ya chembe moja, ndiyo maana pua hazizuii, zinashuka moja kwa moja hadi chini ya mapafu. Mwezi Machi nilimtembelea mpwa wangu Mbagala. Watoto wanalalia godoro sakafuni. Dawa imewekwa kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, shubiri moja kutoka kwenye mto wa kulalia, majivu yamejipanga duara vizuri kama yalivyokuwa. Nikajilaza pale pale anapolaza kichwa mtoto, mzee mzima. Nilihesabu pumzi kumi tu, koo likaanza kuwasha. Dirisha limefungwa na pazia la kadifa juu yake, dari ya jipsamu iko chini. Huo moshi utatokea wapi? Jaribu na wewe leo, jilaze kwenye mto wake.

Simaanishi muliwe na mbu. Malaria kwa mtoto si ya kuchezea. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro pande zote, na dirisha lipigwe wavu wa mbu, ule wa kukata kwa mita, kwa misumari midogo na vipande vyembamba vya mbao. Fundi wa mtaani anamaliza kwa saa moja. Ukishaweka wavu ndipo utaweza kuacha dirisha wazi usiku, na hiyo ni faida ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Zile za kuchomeka kwenye umeme hazina moshi, lakini harufu yake huwabana baadhi ya watoto, kwa hiyo zisikae karibu na kichwa chake.

Jiko la maandazi ni riziki, silizimi. Ila tutazame linawashwaje. Dakika chafu kuliko zote ni zile za kuwasha, mkaa ukiwa bado mweusi. Wengi tunaharakisha kwa kipande cha ndoo iliyopasuka, mfuko wa plastiki au lapa la zamani, na moshi wa plastiki ni sumu hata kwa mwenye kifua kizima. Tumia vibanzi vya mbao kavu au mabua, washa mbali na mlango wa nyuma, na ule mlango wa korido ufungwe mpaka mkaa ushike. Sikiliza na upepo. Kuanzia Juni kusi inavuma, kaskazi inarudi kama Desemba. Penye jiko Februari huenda pasifae Julai. Simama uani na kanga mkononi, iache ipepee, utajua moshi utaelekea wapi. Na kanga uliyokaangia usiingie nayo chumbani ukamkumbatia nayo, itundike huko huko uani.

Korido ndiyo ngumu, kwa sababu huko si kwako peke yako. Usiwaambie majirani kwamba wanamuua mwanao, hata kama ndivyo unavyohisi. Waambie masika inakuja na mnahitaji banda. Mabati matatu, milunda minne, misumari, lisiwe na kuta, juu tu pazibwe ili majiko yabaki uani mvua ikinyesha. Mkichangishana watu sita, fungu lako litakuwa dogo sana ukilinganisha na bei ya mashine ya baba watoto. Baba mwenye nyumba naye mwonyesheni dari ya korido ilivyopakaa masizi, huenda akatoa mabati mwenyewe ili asipake rangi kila mwaka. Mimi nimeona lugha ya rangi ikifanya kazi pale lugha ya pumu iliposhindwa.

Ukiweza, mlo wa usiku upike kwa gesi, hata mtungi wa kilo sita, dirisha likiwa wazi, kwa sababu moto wa gesi nao hutoa hewa inayowasha kifua, japo si kama mkaa. Jiko la presha la umeme ni zuri zaidi. Watu wanaliogopa kwa sababu ya LUKU, lakini maharage kilo moja hayamalizi uniti moja. Ugomvi wa kweli ni kwamba nyumba nzima mna mita moja, mnapita uniti 75 kwa mwezi na bei inapanda. Kwa hiyo patana kwanza na wenzako kabla hujanunua. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Jambo jema, ila wakati huo mwanao atakuwa anaota ndevu.

Baada ya moshi ndipo vumbi. Kwenye godoro na mito wanaishi utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaopenda joto na unyevu, na hewa ya pwani imewafaa kama nini. Kinachombana mtoto hasa ni kinyesi chao. Kama mto wake ni wa sufi, mtoe usirudi. Godoro la sponji livishe mfuko wa plastiki mzito wa zipu, au ule lililonunuliwa nalo, usiuchane. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto kweli, godoro na blanketi vianikwe jua la mchana. Chandarua, kinyume chake, kianikwe kivulini, na kifuliwe kwa sabuni ya mche, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, la sivyo dawa inaisha mapema. Zulia likunjwe, lisubiri sikukuu. Ufagio wa chelewa unarusha vumbi hewani na vumbi linakaa huko muda mrefu, kwa hiyo piga deki kwa tambara bichi, mtoto akiwa shule. Mapanga ya feni nayo uyafute. Panda kwenye stuli uone kilichoko huko juu, hutalala.

Mende nao si uchafu tu. Marekani mwaka 1997 ulichapishwa utafiti juu ya watoto wenye pumu kwenye mitaa maskini ya mijini: wale waliokuwa na mzio wa mende, na mende wamejaa chumbani mwao, walilazwa hospitali zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Lakini usipulize dawa, utamkimbiza mende na kumbana mtoto. Tumia dawa ya jeli ya kudondosha nyuma ya kabati, pasipofikiwa na mdogo wake, na unga wa maandazi ufungwe kwenye ndoo yenye kifuniko.

Mashine yenu sasa. Mashine ya namna hiyo husafisha hewa ya chumba kilichofungwa, ichuje, irudishe, ichuje tena. Chumba chako kinapokea hewa ya korido kila mlango unapofunguliwa, na tumetoka kusema dirisha liwe wazi. Ungekuwa unachota maji ya kisima kwa kijiko. Juu ya hapo inataka umeme usiku kucha na chujio jipya kila baada ya miezi kadhaa. Laki nne na nusu? Chukua humo wavu, mfuko wa godoro, fungu lako la mabati, na ibaki ya kununua pampu ya kahawia isikatike katikati ya mwezi.

Kuna kitu hukuniambia. Unampulizia pampu moja kwa moja mdomoni? Kama ndivyo, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi na kooni. Tafuta chupa ya maji ya nusu lita. Weka mdomo wa pampu chini kwenye kitako cha chupa, uchore umbo lake kwa kalamu, kisha pasha waya moto na utoboe ukifuata mchoro, kidogo kidogo, ili pampu iingie kwa kubana. Zungushia plasta pasivuje. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe yenyewe bila kuifuta ndani, sabuni inayobaki inazuia dawa kuganda kwenye plastiki. Atikise pampu, ashike mdomo wa chupa kwa midomo yake, puliza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita, ndipo upulize tena. Chupa hizi zilijaribiwa Cape Town kwa watoto waliobanwa na pumu, matokeo yakachapishwa 1999: zilifanya kazi kama zile za dukani. Nenda nayo kliniki, nesi akuone ukifanya.

Na usiku ambao hawezi kumaliza sentensi, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au midomo inageuka rangi, usingoje kuche. Mpulizie ya bluu huku bajaji inatafutwa, na uendelee kumpulizia njiani.

Baada ya wiki nne niandikie ni usiku ngapi amebanwa. Chora msitari kwenye kalenda kila anapoamka, kumbukumbu ya mama aliyekosa usingizi haiaminiki, naijua yangu.

*Assalaam alaykum Bi Nesi. Mimi ni mtu wa Unguja, nimekuja Muscat kwa mwanangu. Mjukuu ana pumu. Mkwe wangu amepiga marufuku udi na bukhuri ndani ya nyumba, na mimi nahisi kama nimeambiwa nisinukie. Kweli udi una madhara, na huku kila nyumba inafukiza? – Bibi wa Mkunazini*

Waalaykum salaam, bibi mwenzangu. Umeshasoma hapo juu yaliyonikuta mimi na chetezo, kwa hiyo unajua nitasimama upande wa mkweo. Hata huko huko uliko wamelichunguza. Utafiti juu ya watoto wa shule wa Oman, uliochapishwa 2009, haukuona kwamba kufukiza bukhuri kunaanzisha pumu, ila uliona kwamba kwa watoto walio nayo tayari, moshi wake ni kichocheo cha kawaida cha kubanwa. Jirani ambaye watoto wake hawana pumu anafukiza na hakuna linalotokea, na wewe ukifukiza mjukuu anakesha. Hajakosa adabu mkweo.

Fukizia nguo zako barazani au juu darini, mtoto akiwa shule, uzitundike huko saa mbili tatu kabla ya kuzivaa. Ukitaka kunukia ndani, rudi kwenye yetu: asumini kwenye nywele, rehani, kikuba kifuani. Mwangalie mtoto siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu wapo wanaopiga chafya hata kwa ua.

Huko Muscat nyumba zinafungwa kwa kiyoyozi mchana na usiku, na watu hudhani kiyoyozi kinaleta hewa mpya. Kile cha ukutani kinazungusha hewa ile ile. Mwambie mwanao atoe vichujio vyake avioshe kila wiki mbili, na wafungue madirisha alfajiri kabla joto halijapanda, isipokuwa siku za vumbi la jangwani. Nyumba ya namna hiyo ndiyo mashine ya kusafisha hewa inaweza kuifaa, ikiwa na chujio la HEPA, yaani lile linalonasa hata chembe ndogo kabisa, na ikikaa chumba anacholala mtoto. Ile inayosifiwa kwa kutoa ozoni msiiguse. Ozoni yenyewe inawasha mapafu.

*Habari Bibi. Niko Makambako, baridi ya Juni unaijua. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani likishakuwa jekundu, halina moshi hata kidogo. Binti yangu wa miaka mitano ana pumu lakini akiota moto anatulia. Kuna ubaya? – Baba Binti*

Upo, na si wa pumu tu. Mkaa mwekundu usio na moshi unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Ndani ya chumba kilichofungwa inawalegeza nyote taratibu, mnadhani ni usingizi mtamu wa joto, na asubuhi hamuamki. Huyo binti kutulia karibu na jiko kusikufurahishe.

Litoe leo, kabla hamjalala. Muogesheni mapema jua likiwepo, mvalisheni soksi na kofia, alale katikati yenu. Jaza maji ya moto, si ya kuchemka, kwenye chupa ngumu, ifunge kwa taulo uiweke miguuni pake. Kifuniko kikazwe vizuri, na uigeuze kichwa chini mara moja juu ya beseni kabla ya kuiingiza kitandani.